Mzigo Uko Majini

Kariakoo, Dar es Salaam, kuna jibu moja linalofunga mjadala wowote. Mteja akiuliza mbona kiatu namba 42 hakipo, mbona feni zimekwisha, mbona bei ya juzi si ya leo, muuzaji humjibu macho yakiwa bado kwenye simu: "Mzigo uko majini, kaka." Siku za kawaida jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mzigo huenda kweli uko baharini, huenda uko bandarini ukimsubiri wakala wa forodha, na huenda haujaagizwa kabisa. Kuanzia Februari 2020, kwa muda wa karibu miaka miwili, jibu hilo likawa kweli tupu.

Korona iliingia Kariakoo kabla ya kuingia Tanzania. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mkoani Arusha, lakini wauzaji wa simu, nguo na vifaa vya umeme walikuwa wameshaanza kupiga hesabu za hasara wiki kadhaa nyuma. Kila mwaka wanajua kwamba viwanda vya China hufungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wa huko, kwa hiyo huagiza mapema mzigo wa kuwavusha. Mwaka huo sikukuu iliangukia tarehe 25 Januari. Siku mbili kabla yake mji wa Wuhan ukafungwa, likizo ikaongezwa, na majimbo yenye viwanda vingi kama Guangdong na Zhejiang yakaagiza kazi zisianze hadi karibu tarehe 10 Februari. Hata milango ilipofunguliwa, wafanyakazi wengi walikuwa wamekwama vijijini kwao. Kenya Airways ilisitisha safari za Guangzhou tarehe 31 Januari, na huo ni mji ambao wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua mitaa yake kuliko wanavyoijua ya miji mingi ya nchini mwao. Maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo, ambayo hufunguliwa kila Aprili na Oktoba, yalisogezwa hadi Juni na kufanyika mtandaoni. Mtu aliyezoea kupima kitambaa kwa vidole akatakiwa akichague kwenye kioo cha simu.

Ili kuona kwa nini hilo liliuma, tuingie ndani ya fremu moja. Hesabu ni za kubuni, ila mwenye duka yeyote atazitambua. Mtaji ni shilingi milioni 40. Malipo ya awali, mara nyingi kama theluthi, yanakwenda kiwandani. Salio linalipwa bidhaa zikiwa tayari. Mzigo unapakiwa kwenye kontena la kuchangia na wenzake, unakaa baharini wiki kadhaa, unatolewa bandarini, unauzwa, na fedha zinarudi China. Akizungusha mtaji huo mara nne kwa mwaka, na kila mzunguko ukiacha faida ya asilimia 15, anapata milioni 24. Kodi ya fremu, ujira wa vijana wawili, leseni, kodi ya mapato na chakula cha nyumbani tuseme vinakula milioni 18. Zinabaki milioni sita, ambazo ndizo ada za watoto na matofali ya kiwanja cha Chanika.

Sasa ondoa mzunguko mmoja tu. Faida inakuwa milioni 18, na matumizi ni milioni 18. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichozama, hakuna mteja aliyegoma kununua. Mwaka mzima umefanyiwa kazi bure.

Ndiyo maana usemi uliozoeleka wakati ule, kwamba mnyororo wa ugavi umekatika, ulificha zaidi ya ulivyoeleza. Bidhaa nyingi zilifika hatimaye. Zilichelewa, na ucheleweshaji una mwenyewe wa kuulipia. Kampuni kubwa yenye mkopo wa benki huuandika kwenye vitabu na kusonga mbele. Mwenye fremu huulipa kwa mtaji wenyewe, na ukishaliwa mtaji hakuna mzunguko wa kuurudisha.

Upande wa pili wa kaunta mambo yalikuwa na kiini chake. Mwezi Machi 2020 dunia ilicheka picha za Wamarekani wakigombea karatasi za chooni, na kicheko kile kiliwapotosha wengi. Waliojaza akiba kupita kiasi walikuwapo, lakini sababu nyingine haikuwa na kichekesho chochote. Mtu anayeshinda ofisini hutumia choo cha ofisi, na karatasi ya ofisini hutengenezwa kwa mitambo mingine, kwa roli nyingine, na kuuzwa na mawakala wengine. Watu walipobaki nyumbani, karatasi ya ofisini ilibaki ghalani huku rafu za madukani zikiwa tupu. Afrika Mashariki tulikuwa na karatasi yetu ya chooni: maharage. Kenya ilipofunga shule mwezi huohuo, wazabuni waliozoea kupeleka magunia kwenye mabweni walibaki nayo. Mama anayepika nyumbani Kayole, Nairobi, hanunui gunia la kilo 90. Ananunua nusu kilo, tena jioni. Kati ya gunia lile na nusu kilo hii kuna mtu wa kupima, kufunga na kusambaza, na mtu huyo hapatikani kwa wiki moja.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa ugavi huliita athari ya mjeledi. Kampuni ya Procter & Gamble ililigundua zamani kwenye pampasi. Watoto wachanga hawana msimu; hulowesha Januari kama wanavyolowesha Julai. Hata hivyo oda za maduka zilipanda na kushuka kidogo, za mawakala wa jumla zikayumba zaidi, na za kampuni kwa wauza malighafi zikayumba kupindukia. Mkono ukitikisika kidogo, ncha ya mjeledi huruka mbali. Dar es Salaam ya Aprili 2020 iliuonyesha mjeledi huo kwa ndimu na tangawizi. Watu walipiga nyungu asubuhi na jioni, kila nyumba ikachemsha tangawizi, na bei zikapaa. Nairobi ilikuwa vitakasa mikono: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ililazimika kuiamuru supamaketi moja iwarudishie wateja fedha kwa kupandisha bei. Miezi michache baadaye barakoa zilizokuwa za kutafutwa kwa tochi zilikuwa zikipungiwa hewani na wamachinga kwenye foleni za magari, bei ikishuka kila taa nyekundu.

Lakini mahali ambapo gonjwa hili liliishika biashara ya Afrika Mashariki kooni ni barabarani.

Dereva wa lori ndiye mtu aliyebaki akisafiri wakati wengine wote wameambiwa wakae. Mombasa hadi Kampala, Dar es Salaam hadi Kigali, Tunduma hadi Lubumbashi, chumvi, mafuta, sabuni na dawa zilikuwa mikononi mwake. Kwa sababu hiyohiyo akageuka mshukiwa wa kwanza. Uganda ilipoanza kumpima kila dereva mpakani, magari yalipangana Malaba na Busia kwa kilometa nyingi, na madereva walilala siku kadhaa kwenye viti vyao wakisubiri majibu ya maabara. Walipika kando ya barabara, wakanunua maji kwa bei ya anayejua huna pa kwenda, na wakazi wa vituo walivyozoea kupumzika wakawakimbia kama wenye ukoma. Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa mwezi Mei 2020. Mwezi huohuo Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na nchi hizo mbili zikaanza kubishana juu ya majibu ya vipimo vya madereva huku vitunguu na machungwa vikiharibika Namanga.

Rwanda ilikuja na mpango uliopendeza kwenye makaratasi: dereva wa kigeni alifikishe lori mpakani, kisha dereva wa Rwanda aliendeshe ndani. Madereva wa Tanzania waligoma Rusumo. Aliyekaa karibu na biashara hiyo hakushangaa. Lori la safari ndefu lina tabia zake. Gia yenye ukaidi, breki za trela zinazotaka kubembelezwa, tangi la dizeli ambalo mwenye gari hulipima kwa kijiti kabla na baada ya safari. Kumkabidhi usukani mtu usiyemjua, kisha ukajibu wewe kwa tajiri kuhusu dizeli iliyopungua, ni jambo ambalo hakuna waziri aliyelifikiria. Baadaye yalipatikana maelewano, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na mizigo, cheti cha kipimo kikidumu siku 14 na kutambuliwa na nchi wanachama. Mfumo huo ulisaidia. Haukumaliza: Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva wapimwe upya kwa dola 30 kila mmoja, madereva waligoma Malaba, foleni ikarefuka kwa makumi ya kilometa, na ndani ya wiki chache mafuta yakaadimika Uganda na bei zikapanda kwenye vituo.

Wakati mwingine serikali ilifupisha mnyororo kwa nguvu. Mwishoni mwa Machi 2020 Rais Yoweri Museveni aliagiza wauza vyakula masokoni wasirudi nyumbani kwa siku 14, walale sokoni. Nakasero, soko lililo katikati ya Kampala, likageuka bweni. Usiku wanawake walitandika mikeka kati ya meza za nyanya, vyandarua vikaning'inizwa kwenye nguzo zilezile zinazoshikilia ndizi mchana. Boda boda walizuiwa kubeba abiria wakaruhusiwa kubeba mizigo, kwa hiyo kijana aliyezoea kubeba karani sasa alibeba kabichi. Agizo lile lilikuwa kali, na waliokuwa na watoto wadogo nyumbani walilia. Hata hivyo kiutendaji lilikuwa na mantiki zaidi kuliko maagizo mengi ya wakati ule: lilitambua kwamba chakula cha mji hakiko supamaketi, kiko kwenye meza za akina mama hao, na wakikosekana wao mji haupati chakula.

Mashariki ya Kongo somo lilikuja kwa njia nyingine. Kati ya Goma na Gisenyi kuna kivuko kidogo cha waenda kwa miguu, Petite Barrière, ambacho kabla ya korona kilipitisha maelfu kwa maelfu ya watu kila siku, wengi wao wanawake wenye mabeseni ya mboga, dagaa na unga vichwani. Rwanda ilipofunga mipaka tarehe 21 Machi 2020 na kuacha mizigo tu ipite, beseni halikuhesabiwa kuwa mzigo. Wanawake wakaamua kuchanga. Kumi au ishirini walikusanya bidhaa zao, wakakodi gari moja, wakalivusha kwa jina la kikundi, na mwenzao wa upande wa pili akapokea na kuuza. Biashara iliendelea, lakini faida ilipungua: gari linataka nauli, mpokeaji anataka chake, na mwenye mboga haoni tena uso wa mteja wa kumshawishi aongeze fungu la pili.

Mitumba ilipigwa pande zote mbili. Kenya ilizuia kuingizwa kwa nguo kuukuu mwezi Machi 2020 kwa sababu za kiafya, na zuio hilo halikuondolewa hadi Agosti. Wakati huohuo maduka ya hisani ya Ulaya na Marekani, ambako nguo hizo huanzia, yalikuwa yamefungwa. Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, ikakaukiwa. Nje ya Gikomba watu husahau kwamba robota moja la mitumba linalisha ukoo: aliyelileta, anayelifungua, anayechambua ya kwanza na ya pili, fundi anayebadilisha zipu, mpiga pasi wa makaa, kijana anayetembeza mashati kumi mabegani. Wapo waliotumaini kwamba pengo hilo lingejazwa na viwanda vya ndani. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilisifiwa, na kwa haki, kwa kugeukia barakoa na kuzishona kwa maelfu kila siku. Lakini barakoa ni mstatili wenye kamba mbili, na suruali ya jinzi ya mtoto wa shule kwa shilingi 150 ni kazi nyingine kabisa. Miezi mitano haitoshi kujenga kiwanda cha kuitengeneza.

Na supamaketi? Hapa pana uongo mdogo unaostahili kusahihishwa. Tuskys, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, iliporomoka kati ya 2020 na 2021, na korona ikatajwa miongoni mwa sababu. Ilichangia, bila shaka. Amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, iliwaondolea wenye maduka saa ambazo mfanyakazi wa Nairobi hununua mahitaji yake. Ila ugonjwa wa Tuskys ulikuwa wa zamani: kuuza maziwa leo kwa fedha taslimu na kumlipa aliyeyaleta baada ya miezi. Supamaketi ya Nakumatt ilikufa kwa ugonjwa huohuo, wadai wake wakipiga kura ya kuifilisi Januari 2020, kabla hata ya mgonjwa wa kwanza wa Kenya. Mleta bidhaa alikuwa ndiye benki ya supamaketi bila riba. Gonjwa lilipowabana wauzaji wa jumla wakadai chao, rafu zikawa tupu katikati ya mji wenye bidhaa. Naivas na Carrefour, zilizokuwa na mitaji na sifa ya kulipa, ziliendelea kufungua matawi mapya, baadhi yake katika majengo yaliyoachwa na waliotangulia.

Duka dogo la mtaani, duka la Mangi, halikutajwa kwenye ripoti nyingi, nalo lina la kusema. Taiichi Ohno wa Toyota, baba wa utaratibu wa kuleta kitu pale tu kinapohitajika, alieleza kwamba wazo hilo alilipata kwa kuangalia supamaketi za Marekani: kinachochukuliwa rafuni ndicho kinachorudishwa. Mangi amekuwa akifanya hivyo siku zote kwa sababu hana mtaji wa kufanya vingine. Sukari hununua mfuko mmoja, mafuta dumu moja. Mnyororo wake ni mfupi, unaishia kwa muuza jumla anayempa mali kauli, na yeye huwakopesha wateja kwa daftari la kurasa za mistari. Bei zilipopanda alipima kipimo kidogo zaidi. Nchini Kenya msaada ulitoka kwenye simu: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutuma fedha kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukuwa na makato, na kiasi hicho ndicho hasa cha mteja wa kibanda.

Bili kubwa ilikuja baadaye, wakati wengi walidhani mabaya yamepita. Mwaka 2021 watu wa Ulaya na Marekani, wakiwa na fedha lakini hawana pa kusafiri, walinunua vitu. Meli na makontena matupu vikavutwa kwenye njia zinazolipa zaidi. Kipimo cha nauli za makontena cha kampuni ya Drewry ya London, ambacho wastani wake wa 2019 ulikuwa dola 1,420 kwa kontena la futi 40, kilifika dola 10,377 mwezi Septemba 2021. Njia za kuja Dar es Salaam na Mombasa hazimo kwenye kipimo hicho, ila meli zinazozihudumia na makontena yanayobebwa hutoka kwenye soko lilelile.

Nauli haipandi sawa kwa kila kitu. Kontena lililojaa simu lina thamani kubwa mno kiasi kwamba dola 8,000 za ziada hazionekani. Kwa kontena la mabeseni na viti vya plastiki, tuseme la dola 15,000, nauli ya dola 1,500 ni asilimia 10 ya thamani yake, na nauli ya dola 9,000 ni asilimia 60. Kisha ipo hesabu ambayo mteja haioni. Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa mzigo wa baharini hukokotolewa juu ya thamani inayojumuisha nauli na bima. Kwa bidhaa ya kutozwa ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 nchini Tanzania, kila dola 1,000 iliyoongezeka kwenye nauli iliongeza dola 475 za kodi, bila kuhesabu tozo ndogondogo. Serikali ilikusanya kodi juu ya msongamano wa bandari za China. Beseni la kuogea mtoto, si televisheni, ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa uwiano.

Baada ya hapo kila tukio la mbali liligonga mlango. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita. Agosti mwaka huo mfanyakazi mmoja wa bandari ya Ningbo, China, alikutwa na virusi, na gati zima la Meishan likafungwa kwa takriban wiki mbili. Shanghai ilifungwa kwa miezi miwili katika masika ya 2022.

Mazoea yamebadilika. Safari za kwenda China zilirudi, lakini wengi wanategemea zaidi wakala aliyeko kule, anayepita viwandani na simu yake na kuonyesha mshono kwa video. Kinachohitajika kabla ya mwaka mpya wa Wachina huagizwa mapema zaidi, na maana yake fedha hulala muda mrefu zaidi. Wenye mtaji mdogo hulipia usalama huo kwa kuwa na aina chache za bidhaa. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Wahuthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kubwa za meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa kutoka Ningbo kuja Dar es Salaam haupiti Bahari ya Shamu kabisa. Nauli ilipanda vilevile, kwa kuwa meli zilizokuwa zikizunguka Afrika zilichukua siku nyingi zaidi na zikabaki chache za kugawana. Mteja anayeuliza mbona mabeseni yamepanda anajibiwa kwa maneno yaleyale ya zamani, ila siku hizi muuzaji anaweza kuigeuza simu yake na kumwonyesha ramani ya bahari yenye nukta ndogo, imesimama kusini mwa Sri Lanka.